Samaki Niliowaacha kwa Baba

Jumapili, jioni. Kipupwe kimekaza mwaka huu. Asubuhi nilitoka Usoke nimejifunga kanga juu ya sweta, mchana jua likanivua vyote viwili, na sasa vumbi la Tabora limenijaa mpaka kwenye kope. Vidole vinanuka tumbaku hata baada ya kuvisugua kwa ndimu. Nimechoka, lakini kuna uchovu ambao mtu hauonei uchungu, na huu ni wa aina hiyo.

Nilipitia Gongoni kwa baba kuchukua samaki wangu. Nimerudi na ndoo tupu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia huku mwishoni nitalia kabla sijamaliza kuandika.

Kwa asiyewajua samaki wenyewe: ni furu watano, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria wenye rangi rangi. Niliwanunua Mwanza kwa muuzaji mmoja anayeitwa Deo, nilipokwenda huko kwenye semina ya walimu. Wanakaa kwenye tangi la kioo sebuleni kwangu Kiloleni. Mimi nafundisha Historia, na madaftari ya kidato cha pili yanaweza kumtia mtu wazimu, kwa hiyo nasahihisha machache, nawatazama samaki kidogo, nasahihisha mengine. Mume wangu Kulwa anasema nawapenda kuliko ninavyompenda yeye. Huwa naendelea kuwatazama.

Baba hakuwaelewa tangu siku ya kwanza. Alikuja kwangu, akainama mbele ya tangi, akawatazama kwa muda, akauliza watakuwa wakubwa lini. Nilipomwambia hawa hawaliwi, alinitazama kwa huruma kabisa. "Yaani Tatu, na akili zako zote, umeamua kufuga mboga," akasema, akaenda zake kuswali.

Huyo ndiye niliyemwachia.

Baba ni fundi seremala. Milango mingi ya mninga pale Gongoni imepita mikononi mwake, na ingawa siku hizi karakana hufunguliwa akijisikia tu, mkono wake haujausahau msumeno. Mama alifariki mwaka jana, kabla mvua hazijaanza. Tangu hapo baba akaanza kupungua. Kanzu zikampwaya, mashavu yakaingia ndani. Tulidhani ni majonzi, na majonzi yalikuwepo, lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulielewa.

Baba hajui kula peke yake.

Sisemi hapendi. Hajui. Nyumbani kwetu wanaume walikula barazani na wanawake tukala uani, ndivyo nilivyokulia. Jioni mama alikuwa akitoa sinia letu, jirani anatoa lake, na yule wa pili lake, kisha baba na wenzake wanne wanakaa mkekani na kuzunguka masinia yote mpaka yaishe. Mwaka mzima, si Ramadhani tu. Alikuwepo Mzee Shaabani, Mzee Yusufu, Mzee Idi, na Mzee Hamisi, ambaye alikuwa na tumbo kubwa kuliko wote na mkono mwepesi kuliko wote. Mmoja baada ya mwingine wametangulia mbele ya haki. Wakati wa mwisho mwisho baba alikuwa akikaa barazani na sinia lake peke yake, ila mama yupo uani na sahani yake, na wanazungumza kwa sauti ukuta ukiwa katikati yao. Nadhani kwa baba hiyo ilitosha kuitwa kula pamoja. Alipoondoka mama, pakawa kimya, na chakula kikamshinda.

Nikimpelekea hotpoti leo, naikuta kesho kama nilivyoiacha. Mama Sele, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akimpelekea, baba anashukuru sana, anasifia harufu, halafu anamgawia mpita njia wa kwanza. Na baba ana sukari. Anameza vidonge, na vidonge vile havitaki tumbo tupu. Daktari alishamwonya mbele yangu kwamba ipo siku sukari itashuka aanguke, na ndani hamna mtu wa kumwokota.

Nilimwomba ahamie kwangu. Alisema kwa mkwe ni pa kusalimia na kurudi. Kaka yangu yuko Dar, naye hupiga simu, huuliza hali, huambiwa nzuri.

Basi ikafika likizo ya Juni, na likizo ya mke wa Kulwa ni Usoke. Huko ndiko kwao, wakulima wa tumbaku, na huu ndio wakati wa kuchambua majani, kuyapanga kwa madaraja na kufunga marobota. Mkamwana anayekaa mjini mwaka mzima halafu asionekane wakati wa tumbaku, habari zake husimuliwa mpaka Urambo. Sikuwa na pa kukwepea, na Kulwa naye alikuwa anasafiri kikazi.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na hapa naungama. Kuna vidonge vya kutumbukiza majini ambavyo huyeyuka pole pole, samaki wakajilia wenyewe mwenye nyumba akiwa safarini. Deo alinipa pakiti nzima. Ipo kabatini mpaka leo. Nilimwambia baba havipo, majirani nao hawapo, na asiponisaidia yeye samaki watakufa.

Nilitaka awe na kitu kinachomngoja. Mtu aliyeamka kulisha samaki, nilijisemea, atalikumbuka na tumbo lake. Na nilitaka kisingizio cha kupiga simu. Kwetu mtoto hamuulizi baba yake kama amekula. Ni kama kumwambia ameshindwa kujilisha. Lakini samaki unaweza kuwaulizia asubuhi na jioni, na hakuna anayevunjiwa heshima.

Kulwa alilipakia tangi kwenye bajaji, samaki wenyewe kwenye ndoo, tukavipeleka vyote Gongoni. Nikamwonyesha baba kiasi cha chakula, punje za kujaa kwenye ukucha wa kidole gumba, asubuhi na jioni. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Nilikuwa nikitoka kwenye banda la tumbaku, napanda kichuguu nyuma ya nyumba ya mama mkwe ambako mtandao unashika, napiga. Shikamoo baba. Marahaba. Samaki wamekula? Wamekula. Basi, simu imekwisha. Lakini kadiri siku zilivyokwenda simu zikarefuka. Akaniambia kuna mmoja ana wivu, hataki wenzake wasogelee kona yake. Akaniambia umeme ulikatika, ile mashine ya kupuliza hewa ikazima, na yeye akakaa kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, kuchota na kumimina, mpaka umeme uliporudi. Huyo ni yule yule aliyewaita mboga.

Nilimsimulia mama mkwe tukiwa tunachambua majani. Yeye pia hakuelewa samaki wa kutazama ni wa nini, lakini alicheka. Akasema bora baba yangu ana wa kuwahangaikia, kwani yeye mwenyewe angeshakuwa marehemu zamani kama si tumbaku.

Mama Sele naye akanipa habari tamu kuliko zote. Sahani zinarudi tupu, akasema, na safari hii hamwoni mzee akimwita mpita njia. Nililala usingizi mzuri wiki hiyo, pamoja na mgongo kuuma.

Halafu ikaja Jumatano.

Nilipiga kama kawaida, nikauliza kama kawaida. Sauti ya baba ilikuwa ya chini, kama inatoka chumba cha pili.

"Hamisi hali," akasema.

Nikauliza Hamisi gani.

"Hamisi. Leo siku ya tatu hagusi kitu. Kakaa tu ananitazama. Na mimi siwezi kula mwenzangu akiwa hali, mwanangu. Haiingii."

Mzee Hamisi tulimzika zamani, kabla hata sijaolewa. Nilikuwepo. Nilikaa chini pale pale juu ya kichuguu. Niliwaza kwamba akili ya baba imeondoka. Niliwaza kwamba imeondoka mimi nikiwa Usoke napanga majani ya tumbaku, na kwamba nilikuwa nimemfungia mle ndani na wazimu wake nikidhani nimempa samaki.

Nilimwambia mtandao unakata.

Nikampigia Mama Sele. Akasema ndiyo, tangu juzi chakula anachompelekea anakikuta kimefunikwa vile vile, na asubuhi alipompa chai kikombe kilikuwa kinatetemeka mkononi. Lakini maneno yake yamenyooka, akasema, amemuulizia hata mguu wake unaouma. Nikamwomba aingie ndani na simu yake, apige picha ya baba, ya samaki, ya kila kitu atakachokiona, anitumie.

Nilingoja picha hiyo huku nimeshika jani la tumbaku mpaka likapukutika mkononi.

Ilipofika, sikuielewa mara moja. Tangi halikuwa mezani tulikoliweka. Baba alikuwa amelitengenezea kigoda kipya cha mninga, kifupi, kimepigwa randa kikalainika, na tangi limekaa juu yake pembeni ya mkeka, kiasi kwamba mtu akikaa chini kula, samaki wako usawa wa uso wake. Mbele ya tangi kuna sinia lililofunikwa kawa. Kando yake bakuli la kunawia. Baba amekaa upande wa pili amekunja miguu, anaitazama kamera kama mtu aliyekatishwa mazungumzo.

Alikuwa akila nao. Siku zote zile sahani zilizorudi tupu, alikuwa amekaa mkekani anakula na samaki wangu.

Nikampigia tena, na safari hii sikuzungusha. Nilimuuliza Hamisi ni nani.

"Mimi si mwehu, Tatu," akasema, na nikamsikia akitabasamu kwa uchovu. "Najua ni samaki."

Akanieleza. Kwa kuwa alipaswa kuwalisha jioni, na jioni ndiyo saa ya sinia, aliona haya kuwatupia chakula kisha yeye aondoke. Akakaa. Alipokaa akaona wanakula kwa furaha, na mkono wake ukaenda sahanini bila kuulazimisha. Kesho yake akakaa tena. Ukishakaa na watu ukala nao, akasema, utawaitaje wewe na wewe? Kwa hiyo yule mwenye wivu akawa Shaabani. Mpole anayengoja wenzake wamalize akawa Yusufu. Anayechimba mchanga akawa Idi. Yule mpana, mwenye tumbo, anayefika kwenye chakula kabla hakijagusa maji, huyo hakuhitaji kufikiriwa. Wa tano hajampa jina kwa sababu hatulii.

Na utaratibu ni ule ule wa barazani. Mwenyeji hatii mkono kabla ya mgeni. Anawawekea wao kwanza, anangoja waanze wote, kisha anasema bismillahi. Miaka yote ndivyo alivyokula, na hawezi kujifunza mwingine sasa. Hamisi alipogoma, baba akafunika sinia. Alidhani ni siku moja. Ikawa ya pili. Samaki yule yule anasogea mpaka kwenye kioo, anamtazama, midomo imefumba, hagusi punje hata moja.

"Labda amesusa," baba akasema. "Labda nimemkosea kitu."

Nilimwambia ni samaki, baba, tafadhali kula. Akaniambia anajua. Akaniambia atajaribu. Kwa sauti aliyoitumia nilijua kwamba hatajaribu, au atajaribu na tonge litarudi.

Nilikasirika, na sioni aibu kuandika hivyo. Nilimkasirikia baba kwa ukaidi wake, nikalikasirikia sinia, mkeka, baraza na wote waliomfundisha kwamba mtu akila peke yake ni mchoyo. Kisha nikamkumbuka amekaa vile mbele ya chakula kilichofunikwa, mtu mzima na adabu zake, akimngoja samaki ale, na hasira yote ikageuka kitu kingine. Nampenda sana baba yangu. Sijawahi kumwambia.

Nikamweleza mama mkwe kwamba naondoka kesho yake asubuhi. Nilitegemea neno kuhusu marobota, maana kazi ilikuwa bado imejaa banda zima. Hakulisema. Alifuta mikono kwenye kanga yake akaniambia, "Tumbaku ina watu wengi, mkamwana. Baba yako anakungoja wewe." Kisha akaanza kunifungia zawadi ya kumpelekea.

Usiku ule nilipunguza mawazo kwa kumtumia Deo ile picha na nyingine ya karibu aliyoipiga Mama Sele. Nilitaka tu kujua kama samaki anaumwa na dawa yake ni ipi.

Majibu yalinikuta nimesimama kando ya barabara nangoja basi tangu asubuhi, mfuko mguuni. Deo alijibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake naisikia pikipiki na watu wanaobishana bei. "Dada, huyo haumwi. Huyo jike. Angalia hapo chini ya kidevu palivyotuna, ana mayai mdomoni. Furu ndivyo anavyolea. Hali mpaka watoto watoke, wiki mbili, tatu hivi. Muacheni tu."

Nilisikiliza mara mbili. Basi lilikuja, nikalipungia lipite.

Nikampigia baba. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia Hamisi hajasusa. Nikamwambia Hamisi ni jike, na ana watoto mdomoni, na hali kwa sababu akila atawameza.

Nilitazama simu kama bado ipo hewani.

Lazima nieleze kwamba Mzee Hamisi alikuwa Mzaramo, aliyekuja Tabora kwa kazi ya reli akasahau kurudi pwani, na sisi ni Wanyamwezi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani na kuwakuta babu zao huko. Mtani hana mpaka. Siku ya mazishi ya Hamisi baba alikaa mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka irudishe randa aliyoiazima. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Baadaye nilimkuta baba nyuma ya karakana, amejiegemeza kwenye mbao, analia peke yake.

Kwa hiyo kilichofuata kilikuwa kicheko. Kilianza kama kikohozi. Kikapanda, kikavunjika, kikaanza upya. Sijasikia baba akicheka hivyo tangu mama afariki, na mimi pale kando ya barabara ya Usoke, mfuko miguuni, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja hadi mama mmoja muuza karanga akaniuliza kama ni msiba.

"Miaka yote ile," baba akasema alipopata pumzi, "miaka yote ile namwambia, Hamisi, tumbo hilo si la wali."

Akacheka tena.

"Mzaramo huyu. Kaja kuzalia nyumbani kwangu."

Nikamuuliza sasa itakuwaje. Nilikuwa bado na hofu, maana wiki tatu ni nyingi. Akasema aliyesusa ni jambo moja na anayelea ni jambo jingine. Anayelea haulizwi. Mama yangu mwenyewe, akasema, aliponibeba mimi alikaa miezi hata harufu ya vitunguu haitaki, na yeye baba alikuwa akila barazani na wenzake na hakuna aliyeona vibaya.

"Basi nitakula," akasema. "Mama Sele kaniletea ugali na mlenda. Kata simu, ugali unapoa."

Nilikata. Sijawahi kukata simu kwa furaha kama ile. Muda mfupi baadaye Mama Sele akanitumia picha ya sinia lililofutwa likabaki linang'aa. Baba alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, akanikataza kuja. Nimalize kazi ya watu, akasema, wao wapo.

Nikarudi bandani. Mama mkwe akanitazama, akaninyooshea fungu la majani bila kuuliza.

Leo ndiyo nimefika. Gongoni niliingia na ndoo mkono mmoja na zawadi ya mama mkwe mkono wa pili, migebuka mikavu, wale samaki wa Kigoma, mikubwa, iliyofungwa kwenye gazeti. Baba alipoinusa tu alinipokonya, akaifunika na upindo wa kanzu yake, akaipitisha mbio kuelekea jikoni mgongo wake ukiwa umeelekea tangini. Aliporudi akanong'ona kwamba atamgawia Mama Sele. Tangu wiki ya kwanza hali samaki, akasema. Hata dagaa. Atawatazamaje?

Amenenepa. Si sana, lakini kanzu imeanza kumkaa tena mabegani.

Nikamwambia nimekuja kuwachukua. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Unamtia mja mzito kwenye ndoo, unampakia kwenye bajaji, na matuta yale ya Kiloleni?" akauliza. Nikaiweka ndoo nje.

Hamisi alikuwa mahali pake, kidevu kimetuna, ametulia. Nilikaa kumwangalia kwa muda mrefu. Ametoa shavu, kweli, ametuna kama mtoto aliyeficha pipi. Nilimshukuru kimoyomoyo, na najua ninavyosikika.

Mama Sele alileta chakula cha mchana. Wali, maharage, na nyama kidogo juu kwa sababu binti wa mzee amerudi. Niliinuka niende zangu uani, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nilishafika mlangoni.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

Nikasema naenda kula.

Akasogea kwenye mkeka. Akapapasa pale alipopaacha wazi. Nina miaka arobaini na moja. Ninafundisha, nimeolewa, nina nyumba yangu, na sijawahi kukaa sinia moja na baba yangu tangu nilipoota meno ya pili. Nilikaa. Akanimiminia maji ya kunawa yeye mwenyewe, mimi nikijaribu kumpokonya birika na yeye akikataa. Akawawekea samaki punje zao, akangoja wale wanne waanze. Kisha akachukua vipande vya nyama kimoja kimoja, akavisukuma vyote upande wangu.

Akasema bismillahi, akaweka mikono magotini, akanitazama.

Nilidhani amesahau. Nikamngoja. Mkono wangu haukuweza kwenda mbele ya wake, haukufundishwa hivyo. Tukakaa tunatazamana, wali unatoa mvuke katikati yetu.

"Anza, mama," akasema. "Mimi siwezi kula kama hujala."

Nilikata tonge la kwanza na sikuliona nilipolipeleka, macho yalikuwa yamejaa. Nikameza. Ndipo mkono wa baba ukaingia sahanini.

Shule zinafunguliwa kesho. Kengele ya mchana ikilia nitakuwa nimeshapanda bajaji ya Gongoni. Nimemwambia Kulwa chakula cha mchana asiningoje tena.